Siku Mwenyekiti Alipotafuna Nyasi

Jamani, nitawasimulia, ila mkicheka mcheke taratibu, maana aibu yenyewe haijanitoka mwilini na kijijini Kiriba mpaka leo siwezi kupita bila kujifunika kitenge hadi machoni.

Mimi natengeneza programu za simu. Pale Kitaji, mjini, tuko watatu kwenye chumba kimoja, na tulitengeneza moja ya kuwasaidia wanafunzi wa sekondari kuacha bangi. Kijana hatumii jina lake, tunampa jina la samaki, huyu Furu, huyu Ningu, huyu Gogogo, na kila siku anayoimaliza bila kuvuta anatutumia ujumbe wa sauti (kuandika wanaonaga uvivu), na tuliwaapia kabisa kwamba sauti hizo hatazisikia mtu mwingine zaidi yetu sisi watatu.

Basi nikaitwa Kiriba kuwaeleza wazazi, darasani, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mama mmoja wa heshima zake na kilemba kirefu. Nilibeba spika kubwa na ujumbe wa mfano niliourekodi mwenyewe nikijifanya kijana, nikaucheza, wazazi wakapiga miayo. Mzee Magesa, aliyekaa mbele kabisa, akasema, "Binti, hiyo si sauti yako? Watoto wetu sisi hawavutagi. Labda hao wa kwenu mjini."

Nikapandwa na hasira. Na hapo hapo simu ikalia: ujumbe wa Ningu, siku ya kumi na mbili. Nikajisemea, kwani nani atamjua Ningu? Nikabonyeza.

"Dada, leo siku ya kumi na mbili," ikasema sauti ya msichana. "Jana hamu ilinibana vibaya, nikaenda kukaa na Mwenyekiti mpaka ikaisha. Yeye ndiye namwambiaga kila kitu. Hajawahi kunisema kwa baba."

Makofi! Mama mwenyekiti (ambaye hakuwa na habari yoyote, naapa) akasimama, akaweka sawa kilemba. "Ni kweli," akasema, "vijana wananifuataga sana. Mlango wangu uko wazi."

Na mimi mjinga, badala ya kuzima, nikaongeza sauti.

"Shida yake moja tu," Ningu akaendelea, "mimi nalia, yeye anatafuna nyasi. Na leo kanikanyaga kwa kwato."

Mama mwenyekiti bado kasimama, mkono kwenye kilemba. Halafu Mzee Magesa akaruka, anacheka, anapiga meza. "Mwenyekiti ni dume langu! Kijiji kizima hakuna ng'ombe mwingine wa jina hilo!"

Darasa likalipuka kwa kicheko, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe, mpaka nilipomwona mzee kicheko kinamwishia usoni kidogo kidogo. Nyumbani kwake kuna dume mmoja na binti mmoja.

"Huyo ni Ghati," akasema polepole. "Ghati wangu anavuta?"

Nikahangaika kuuzima ujumbe, vidole vinaparaza kioo tu, na spika ile, kwa sauti yote niliyoipa mwenyewe, ikamalizia: "Baba asijue tu, dada. Nakuamini."

Nakumbuka mama mwenyekiti akikaa chini na mzee akitoka bila kofia yake. Nilimkimbilia mpaka nje, nikamwomba asimpige, nikamwambia kosa ni langu, mtoto alikuwa anajitahidi. Alikuwa analia, na mimi sikuwahi kuona mzee wa rika lile akilia.

Wiki mbili Ningu kimya. Nilimwandikia kuomba radhi kila asubuhi, na kila mlio wa simu nilikuwa naruka. Kisha ukaja ujumbe, wa maandishi, yeye ambaye kuandika alikuwa anaona uvivu:

"Baba hakunipiga. Siku hizi tunakaa wote zizini. Ila siku ile nilivuta, dada, nikavuta na kesho yake. Leo siku ya kwanza."

Mzigo wa zile siku kumi na mbili ni wangu, niliziharibu kwa kidole kimoja ili nimshinde mzee mmoja ubishi. Ujumbe wa sauti tumeuondoa kwenye programu, na spika nimeigawa. Hata ninyi hapa, mnavyoniomba niwasikilizishe ile sauti mcheke vizuri, niliifuta. Na hata ningekuwa nayo, msingeisikia.