Mkaa Nilioupima Kindu

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya namba moja. Kazi yangu ni kuchunguza jinsi miji inavyoweza kukua bila kuchoma sana: nyumba zijengwe wapi, watu waende kazini vipi, na hasa wapike kwa kutumia nini. Katika miji yote ya Kongo niliyoipima, Kindu ndio ulionipa jina. Kwa hesabu zangu, jikoni za Kindu zilitumia mkaa kidogo kuliko za mji mwingine wowote. Niliandika juu ya jambo hilo, nikasifiwa, nikapandishwa cheo. Nami ni mzaliwa wa Kindu, binti wa fundi wa reli aliyetoka Kasai, kwa hiyo nilijivuna mara mbili.

Ila sikuwa nimekwenda. Niliwatuma wadadisi na madaftari, mimi nikabaki Lubumbashi na kompyuta yangu. Nilitoka Kindu wakati wa vita nikiwa na miaka kumi na miwili, na kila nilipopanga kurudi nilitafuta udhuru. Sasa kamati ya mipango ya miji ilikuwa karibu kuamua ni miji ipi ipewe mashamba ya miti ya kuni na majiko bora, na kwa sababu ya namba yangu Kindu ulikuwa unaachwa nje. Mkuu wangu alinipa mwezi mmoja. "Nenda ukathibitishe tu," alisema.

Asubuhi ya safari wenzangu walinicheka stesheni. Walisema mtu wa hewa safi hathubutu kupanda ndege. Niliwaambia wasubiri kadi yangu ya Krismasi, maana treni ya Kindu huenda kwa kalenda, si kwa saa. Nilicheka nao, kisha nikapanda.

Kamina tulifika bila mkasa. Kabalo tulikaa siku mbili tukingoja injini, na huko nilifanya kosa la kuyafungua madaftari ya wadadisi. Nyumba baada ya nyumba, jibu lilikuwa moja: kidogo tu, tunapika mara moja, kidogo tu. Nilikuwa nimeyasoma majibu hayo mara nyingi nikayaona ushahidi mzuri. Ndani ya behewa lile la joto, nikiwa nimebanwa kati ya magunia ya watu, yaliniogopesha. Familia mia haziwezi kujibu kwa maneno yaleyale isipokuwa zimefundishwa.

Kongolo tukavuka daraja, kisha Samba, na siku ya tisa tukaingia Kibombo. Hapo treni ilisimama tangu alfajiri hadi alasiri, ikipakia. Nilidhani ni mpunga. Mpunga ulikuwepo, lakini magunia mengi yalikuwa meusi, yamefungwa majani mdomoni. Mkaa, ambao sisi tunauita makala. Mama mmoja wa Kibombo aliyejitanda mtandio, Mama Mwajuma, alikuwa akisimamia magunia yake. Nikamsalimu, nikamuuliza.

"Mama, hii makala yote inaenda wapi?"

"Kindu. Njo kule iko wakulaji."

"Mimi niliambiwa Kindu hawapiki sana."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Nani alikuambia? Huyo muntu alikula kwa nani?" Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka kwa adabu. Niliyahesabu magunia hadi treni ilipoondoka, na kila lililopanda lilikuwa kama jiwe juu ya kifua changu.

Kindu tulifika siku ya pili yake, asubuhi. Tantine Mbuyi, mdogo wake mama yangu, alinipokea stesheni. Ni mjane wa mfanyakazi wa reli, bado anaishi kambi ileile ya reli, avenyu ileile. Alinikumbatia, akalia, akanikemea kwa kukonda, yote kwa pumzi moja. Niliogopa kuitazama nyumba yetu ya zamani iliyokuwa jirani. Nilipoitazama, nikakuta ni nyumba tu, ina bati jipya na watoto wasionijua.

Kesho yake nilizunguka na shefu wa avenyu, mzee mpole mwenye kofia ya kazi. Nilibeba mizani na kaye, daftari langu la shule lenye mistari. Kila mlango tulipokelewa vizuri. Kila mama alinionyesha babula moja, jiko la mkaa la bati, imepoa, na konzi mbili za mkaa kwenye beseni.

"Tunapika mara moja, mama."

"Makala kiasi gani kwa siku?"

"Kidogo tu."

Nilipima, nikaandika. Namba zilikubaliana kabisa na zile za wadadisi. Ningepaswa kufurahi, na kwa muda nilifurahi kweli, nisifiche. Lakini nyuma ya nyumba hizo kulikuwa na vichuguu vya majivu vinavyofika gotini, na saa sita ile ya mchana avenyu nzima ilinukia sombe, majani ya mihogo, na mawese. Shefu aliona macho yangu yanakoelekea. Akaanza kunieleza habari za mvua.

Nilirudi kwa Tantine nikamkuta jikoni, mlango umerudishiwa, maharage yanachemka kwenye babula moja, bugali kwenye nyingine. Nikachukua kaye bila kufikiri.

"Tantine, wewe unatumia makala kiasi gani?"

Akajibu bila kugeuka, mwiko mkononi, katikati ya moto wa babula mbili: "Kidogo tu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Aligeuka, akauona uso wangu, akaiona na kalamu. Kisha akaniongoza chumba cha pili, akainama, akainua shuka la kitanda. Chini yake kulikuwa na magunia matatu yaliyojaa.

"Tantine, hata mimi?"

"Weye njo umekuja na kaye, Ngalula. Nikusemee nini? Umesahau ule muntu?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimemweka mahali pengine kichwani, mbali na kazi yangu. Wakati wa vita mtu mmoja aliyevaa vizuri alipita avenyu yetu mchana, na kaye na kalamu. Alisema ni kwa ajili ya msaada. Aliuliza kila nyumba inapika mara ngapi, ina mkaa kiasi gani, ina mchele kiasi gani. Mama yangu, mtu wa kanisa, alimtajia kila kitu. Kesho yake wenye bunduki wakaja, na hawakupekua. Waliingia moja kwa moja kwenye nyumba zilizokuwa na kitu, wakauliza magunia kwa idadi yake. Wiki zile tulichemsha majani kwa kuni za milango yetu wenyewe. Baada ya hapo avenyu nzima ilikubaliana jibu moja, na watoto tulifundishwa. Mimi mwenyewe niliwahi kulitoa, nimesimama mlangoni, bila kupepesa jicho. Nimesoma miaka yote hiyo, na nilipoletewa jibu langu mwenyewe nikalichapisha kama sayansi.

Aibu ilinishika nikakaa chini sakafuni. Tantine akanipakulia maharage.

Siku zilizobaki niliacha kaye nyumbani. Niliingia jikoni za watu kumenya mihogo, kutwanga sombe, kula. Mizani sikuibeba, nilihesabu kwa macho makopo ya mkaa yaliyomwagwa kwenye babula, na jioni nilimtajia Tantine, akanikubalia au kunisahihisha. Haikutosha kuwa utafiti. Ilitosha kunionyesha kwamba namba yangu ilikuwa mbali sana na moto wa kweli.

Nilirudi Lubumbashi kwa ndege, kwa sababu mwezi ulikuwa umekwisha, na wenzangu hawakunitania. Mbele ya kamati nilisema namba ya Kindu ni ya uongo. Mjumbe mmoja akauliza kwa upole, "Kwa hiyo watu wako walikudanganya?" Nikajibu kwamba walijikinga, na waliyejikinga naye nilikuwa mimi. Andiko langu likaondolewa. Uongozi wa utafiti akapewa mwingine. Kamati ikaamua Kindu upimwe upya, na upimaji huo uanzie avenyu yetu.

Nilimpigia Tantine. Nilimwomba awaambie majirani wamweleze ukweli mgeni atakayekuja, maana bila ukweli hakuna miti wala majiko. Nilichojifunza safari ile nilikifikiria kama somo la kitaalamu, kwamba anayeuliza naye ni sehemu ya kipimo. Nilikuwa bado namweleza hivyo aliponikatiza.

"Ngalula. Tukisema yote, yakaandikwa, na kisha wale wengine wakarudi, weye utakuwa wapi?"

Dirishani mwangu Lubumbashi kulikuwa na jua, magari, amani.

"Nitakuwa kwako," nikasema. "Nakuja kabla ya huyo mgeni."

Akashusha pumzi. Akaniuliza treni inaondoka lini.