Jeneza la Baba Lilipofika, Baba Akafungua Mlango

Jeneza la msikiti lilipofika kwetu kumchukua baba, baba ndiye aliyefungua mlango.

Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akawatazama wale wanaume wanne, akalitazama jeneza, akauliza, "Karibuni. Nani amekufa?"

Mmoja aliachilia upande wake, jeneza likagonga ngazi.

Mimi nilikuwa nyuma ya baba, na jibu nilikuwa nalo. Aliyemuua baba ni mimi.

Ngojeni niwaeleze kwanza, kisha mtanitukana.

Naitwa Raudha. Nasoma historia na fasihi katika chuo kimoja hapa Nyeri mjini. Vitabu havinishindi. Kilichonishinda ni kozi moja tu, Uandishi wa Kidijitali. Nilikuwa nimeifeli mara moja, na sheria ya chuo ni fupi: ukifeli tena, funga virago.

Baba ni fundi wa nguo. Aliposikia nimefeli hakugomba. Alitoa cherehani ya pili stoo, akaiweka kando ya yake, akaanza kuipaka mafuta.

Jamani, afadhali angenigombeza.

Ndipo nikaenda kwa Gita. Gita yuko mwaka wa mwisho, kwao wana duka la vitambaa mjini, na chuo kimempa meza ya kuwasaidia wanafunzi wanaotatizika kuandika. Ana mdomo mkali. Alisoma kazi yangu akiwa amesimama.

"Raudha, hii umeandikia nani?"

"Mwalimu."

"Ndio maana imelala. Mwalimu analipwa kusoma. Kwenu watu wanasoma nini kwa simu mpaka mwisho?"

Nikafikiri. Habari ndefu hawasomi. Mawaidha hawamalizi.

"Tanzia," nikasema. "Hiyo wanasoma yote. Lazima wajue marehemu ni wa nani na anazikwa saa ngapi."

Gita akaketi. "Basi andika tanzia. Ya mtu ako hai, unamjua vizuri."

"Ati nimuue mtu?"

"Ni zoezi! Andika hivyo juu kabisa. Na uweke kitu moja yenye hakuna mtu mwingine anajua."

Nikaandika ya baba.

Hapa lazima niwaambie kuhusu kaka yangu Fuad. Alioa huko Kutus, kwenye mashamba ya mpunga, bila kumwambia baba. Baba akazipata habari kwa watu. Alimpigia simu sote tukisikia, akamwambia, "Usikanyage kwangu mpaka siku ya kunizika."

Fuad naye kichwa ngumu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Hakukanyaga. Miaka ikapita, na Kutus si mbali hivyo.

Sasa kile kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekijua ni hiki. Kila Idd baba hushona kanzu mbili. Moja yake. Ya pili huishona kwa kipimo cha Fuad, na kila mwaka huipanua kidogo kwa kukisia, maana mwanamume akioa hunenepa. Kisha huitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, asiseme neno.

Nikaandika yote. Jina, mtaa, mazishi baada ya sala ya alasiri, halafu zile kanzu. Nililia nikiandika, na baba anakoroma chumba cha pili. Juu nikaweka kwa herufi nyekundu: ZOEZI LA DARASA.

Kazi ilitakiwa isomwe na watu wa nje ya darasa. Kwa hivyo Jumamosi asubuhi nikaweka kiungo chake kwenye status yangu ya WhatsApp, nikaenda kufua.

Sisi Waislamu mtu akifa asubuhi, jioni amelala kaburini. Hatuna wiki mbili za mikutano na michango. Kwa hivyo habari haikupata nafasi ya kuulizwa ulizwa. Kabla nguo hazijakauka, jeneza lilikuwa mlangoni.

Turudi hapo.

Anayesimamia mazishi msikitini ni Bwana Ilyas. Alimgusa baba bega.

"Athman, uko hai?"

"Kwani unaonaje?"

"Kaburi imeshachimbwa!"

"Ifunikeni na mabati," baba akasema. "Nitaitumia. Ila si leo."

Watu wakazidi kumiminika. Jirani yetu Bi Saumu alikuja akilia na sufuria kubwa mkononi. Alipomwona baba, nusura aanguke, kisha akakasirika kuliko wote. Kuni zikashushwa. Kila mtu akaniuliza mimi, maana chini ya ile tanzia kulikuwa na jina langu. Naingia jikoni, natoka uani, nakaa, nasimama. Simu haitulii, nami situlii.

Mara akapiga mhadhiri wetu, Bwana Mugo.

"Raudha, umetangaza kifo ya uwongo?"

"Mwalimu, niliandika ni zoezi, juu kabisa!"

"Picha ya skrini nimetumiwa hapa haina zoezi. Jumatatu asubuhi ofisini. Kama huwezi kuonyesha ni nani alikata hiyo sehemu, kozi umefeli."

Nikaiona ile cherehani, imeng'aa, inaningoja.

Nikampigia Gita. Alikuja na boda akiwa bado na futi ya kupimia vitambaa shingoni. Tukajifungia jikoni pamoja na Bi Saumu.

"Hii picha ulipata kwa nani?" Gita akamuuliza.

"Kwa Fuad. Alinitumia akilia, nikapeleka grupu ya msikiti. Saa hii ako njiani anakuja."

Fuad anakuja kumzika mtu anayekunywa chai!

Bi Saumu alipotoka kuangalia moto, Gita akaisogeza simu karibu na uso wangu.

"Angalia hizi herufi, Raudha. Ni kubwa sana. Tanzia imejaza skrini yote, ile ya zoezi imebaki nje. Nani kwenu anasoma na herufi kubwa hivi?"

Nilijua papo hapo. Ni mimi mwenyewe niliyemkuzia hizo herufi, macho yake yalipoanza kushindwa na tundu la sindano. Na baba haandikii mtu ujumbe, lakini status za watu haimpiti hata moja.

Baba alijitangazia kifo chake mwenyewe.

Alimtumia Fuad peke yake. Na Fuad alidhani ni mimi nimeshika simu ya marehemu kutoa habari, kama watu wanavyofanya.

"Sasa uko na ushahidi," Gita akaninong'oneza. "Peleka kwa Mugo, umepita."

Nikachungulia uani. Baba alikuwa amekaa katikati ya watu na kikombe chake, kila mara anatazama langoni. Nikimtaja, mzee mzima ataitwa mwongo msikitini, aliyechezea kifo. Nisipomtaja, chuo kwaheri.

"Usimwambie mtu," nikasema.

"Uko sawa kweli? Watakufukuza!"

"Wacha wanifukuze."

Gari likasimama nje. Fuad akaingia mbio, amekonda, mkewe nyuma yake amejitanda leso. Alipomwona baba alisimama hapo hapo, mdomo wazi.

Baba akaweka kikombe chini.

"Nilisema usikanyage hapa mpaka siku ya kunizika," akasema. "Basi jeneza ndio hiyo. Watu ndio hawa. Kaburi Ilyas amechimba. Si umekuja siku yenye nilisema?"

"Baba, ni wewe ulituma?"

"Ni mimi. Hiyo neno nilishindwa kuirudisha na mdomo. Nikaona mtoto ameandika vizuri, nikapiga picha ya skrini, nikatuma. Sikujua itafika msikitini." Akawageukia watu. "Mungu anisamehe, na nyinyi mnisamehe. Lakini huyu msichana msimguse."

Fuad alilia kuliko ambavyo angelia mazishini. Mimi pia. Gita naye alijifuta macho kwa futi.

Baba akaenda chumbani, akarudi na kanzu, akamvika mbele ya watu. Ilimpwaya, wangeingia wawili.

"Umekonda," baba akasema. "Na huko kwenu ndio mchele inatoka!"

Mke wa Fuad ndiye aliyecheka kwanza.

Kuni zilikuwepo, sufuria ilikuwepo, tukapika. Bwana Ilyas alinuna mpaka chakula kilipoiva, kisha akala sahani mbili.

Nilipokuwa nikiosha vyombo, baba alikuja akaniomba namba ya Bwana Mugo. Gita alikuwa amemsimulia kila kitu. Huyo msichana hana siri hata kidogo, Mungu ambariki. Baba akajiweka sawa, akakohoa.

"Hallo, mwalimu? Mimi ndiye marehemu."

Nilipita. Bwana Mugo alinikata alama kwa kuweka onyo mahali linapoweza kuachwa nyuma, na hapo siwezi kubishana naye.

Nililojifunza ni hili. Ukiandika, jua unamwandikia nani. Na kama kuna mtu ulimwambia asikanyage kwako mpaka ufe, lirudishe hilo neno kwa mdomo wako mwenyewe. Si kila mtu amebarikiwa na binti anayefeli kozi.