Vyumba Viwili vya Kitengela

Nilianguka kutoka kwenye ngazi saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, nikisafisha mfereji wa bati ili mvua ikija maji yaingie kwenye tangi. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa kustaafu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mkunga mjini Kajiado, na sijui ni mara ngapi niliwakemea wanawake wazima kwa kupanda ngazi bila mtu wa kuwashikia. Kifundo cha mguu wa kushoto kiligeuka, nikakisikia kikilia. Nikalala pale kwenye saruji, nikaita. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vinne vya kulala, sebule na chumba cha kulia, na uwanja mpana kuizunguka, na ndani yake hapakuwa na mtu wa kuitika.

Mimi na marehemu mume wangu tuliijenga mwanzoni mwa miaka ya tisini, watoto wetu watatu wakiwa bado shuleni. Yeye alikuwa mwalimu. Alipofariki tulimzika kwao, magharibi, karibu na mto Nzoia. Mabinti wawili wakaolewa mbali, kijana wetu akapata kazi Nairobi na kupanga nyumba Gataka, upande wa Rongai. Nikabaki nikifagia vumbi la vyumba ambavyo hakuna aliyelala ndani yake. Nilianza asubuhi, nikamaliza saa sita, na kesho yake vumbi lilikuwa limerudi.

Aliyenikuta pale chini ni rafiki yangu Mmaasai, mama wa rika langu ambaye watoto wake wanne niliwazalisha mimi. Alikuwa akiniletea maziwa kila baada ya siku mbili.

"Takwenya!" aliita kutoka langoni, akinisalimu kwa Kimaa.

"Iko," nikamjibu kutoka chini. Alicheka kwanza, maana hakujua sauti inatoka wapi. Kisha akaniona, akaweka mtungi wake chini.

"Wewe nalala hapo kutoka saa ngapi?"

"Kutoka saa nne."

Akatazama jua. Ilikuwa imepita saa saba. Akaitazama nyumba, dirisha moja baada ya jingine, kama anayeiona kwa mara ya kwanza. "Na hii yote ni ya nani?"

"Yangu."

"Sasa imekusaidia nini?"

Hakuwa ananidhihaki. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Nilikaa wiki saba na plasta mguuni, nyumbani kwa kijana wangu Gataka. Walinitunza vizuri mno. Mkamwana wangu ni mtu mwema, lakini nikishika kisu cha kukatia sukuma wiki alikitoa mkononi mwangu. "Pumzika, Mama." Nikitaka kufua kitambaa changu, pumzika. Nikitaka kwenda dukani, atatumwa mtu. Kufikia wiki ya tano nilijua kwamba nikiendelea kupumzika hivyo nitakuwa mgonjwa kweli, na nilikuwa na umri wa miaka hamsini na saba tu. Bibi yangu alilima hadi alipopita themanini.

Plasta ilipotolewa nikachukua mkongojo na kwenda Kitengela peke yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa napita pale kwenye barabara ya Namanga bila kushuka. Nilikumbuka wakati palipokuwa na maduka machache, na pundamilia wakilisha ng'ambo ya ua. Sasa magorofa ya mawe yalikuwa yakiota kila upande. Nikaonyeshwa nyumba kwenye ghorofa ya pili: sebule, chumba cha kulala, jikoni ndogo yenye sinki, na roshani inayotosha kiti kimoja na kamba ya nguo. Kutoka pale ungeweza kutembea hadi sokoni, kanisani na zahanati. Nilifungua mfereji, maji yakatoka. Nikamwambia mwenye nyumba nitaichukua.

Kijana wangu alipopata habari alimpigia simu baba yake mdogo, naye akasafiri kutoka nyumbani kwao Nzoia. Tuliketi sebuleni kwangu Kajiado, sisi watatu, chai mbele yetu.

"Mulamwa," shemeji yangu alianza, akiniita shemeji kwa lugha ya kwetu, "ndugu yangu alikuachia shamba. Watu wakistaafu wanarudi nyumbani. Wewe unataka kwenda kupanga vyumba viwili kama msichana wa kiwandani?"

"Ndiyo."

"Watu watasema watoto wameshindwa kukutunza."

"Watu hao ndio watakaonishikia ngazi?"

Kijana wangu aliinamisha kichwa. "Mama, si ukae kwetu tu. Ama tukutafutie msichana wa kazi, akae na wewe hapa."

"Nitakaa na msichana wa watu hapa tukifagia vumbi pamoja? Mwanangu, sikatai kwako kwa sababu ya ubaya. Miguu yangu bado inataka kwenda mahali. Shamba la baba yako ni lenu, nami nitakuja Krismasi na kwa matanga na kwa harusi. Lakini sirudi kuketi nikingoja."

Shemeji yangu alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Umeamua," alisema. Hakusema kwamba amekubali. Nilijibu kwamba ndiyo, nimeamua.

Kutoa vitu kulikuwa kugumu kuliko kujibizana nao. Meza yetu ya kulia ilikuwa ya watu wanane, ya mti wa mvule, na fundi aliponipimia mlango wa Kitengela ilionekana haitaingia hata ikikatwa miguu. Kanisa likaichukua. Makochi nikawapa mabinti, na yule mkubwa akalia kwenye simu kana kwamba nilikuwa nikigawa mwili wa mtu. Sufuria kubwa za sherehe zilikwenda kwa kikundi cha kina mama. Hayo yote niliyafanya bila kusita. Kisha nikafungua kabati la mume wangu. Makoti yake matatu yalikuwa bado yananing'inia, na katika mfuko wa moja mlikuwa na kipande cha chaki. Nikakaa kitandani. Siku hiyo sikufanya kazi nyingine. Siku iliyofuata nikayapiga pasi makoti yote matatu, nikayapeleka shuleni alikofundisha, nikawaambia walimu wachague. Chaki nikaitupa. Niliona kwamba nikianza kuweka chaki, nitaweka kila kitu.

Nyumba ikapata wapangaji wenye watoto watano, nami nikahamia Kitengela na pikapu moja ambayo haikujaa.

Nisidanganye: mwezi wa kwanza nilijuta. Majirani zangu walikuwa vijana wanaofanya kazi viwandani Athi River, waliotoka alfajiri na kurudi wamechoka, na kwenye ngazi walinipita kama nguzo. Mara mbili niliichukua simu nikitaka kumwambia kijana wangu aje anichukue. Badala yake, Jumapili moja mchana, nilibisha kila mlango wa jengo lile, milango kumi na miwili, nikasema, "Mimi ni jirani yenu wa ghorofa ya pili. Nilikuwa mkunga. Mtoto akiwa na joto jingi, nigongee." Kabla ya wiki kwisha niligongewa mara tatu. Wakaanza kuniita Shosho, yaani bibi kwa Kikuyu, ingawa mimi si Mkikuyu, na nikaitika.

Mguu nao ulikuwa bado unauma. Najua kazi ya maji kwa viungo, niliwaeleza wagonjwa miaka mingi. Hoteli moja si mbali na kwangu ilikuwa na bwawa dogo la kuogelea. Tatizo ni kwamba sikuwahi kuogelea. Kule Nzoia, ambako nami nilikulia, wavulana waliruka mtoni mchana kutwa, na sisi wasichana tulichota maji na kuondoka. Ukionekana umelowa juu ya magoti ulichapwa. Niliona nimengoja vya kutosha. Nikamtafuta fundi cherehani anishonee vazi lenye mikono na lililofika magotini.

Mwalimu wa kuogelea alikuwa na umri wa kitinda mimba wangu. "Mama, ni wewe utajifunza ama ni mjukuu?" aliuliza.

"Ni mimi. Anza."

Wiki ya kwanza sikuachilia ukingo. Wiki ya tatu nilizama, nikanywa maji, nikatoka nikikohoa mbele ya wageni waliokuwa wakila nyama choma. Kanisani mama mmoja alinivuta kando kuniuliza kama ni kweli naonekana nikiwa nusu uchi hotelini. Nikamwambia aje aone mwenyewe, ni Jumanne na Alhamisi. Nilirudi Alhamisi hiyo. Mwezi wa nne nilivuka upana wa bwawa bila kugusa chini, na nilipofika ng'ambo nilipiga kelele mpaka mpishi akatoka nje.

Rafiki yangu wa maziwa alikuja kunitembelea kutoka Kajiado mwaka uliofuata. Alikagua vyumba vyangu kwa dakika moja, akasema ni vizuri, ukianguka utasikika. Kisha akataka kuona hayo maji ambayo kijana wangu alimpigia simu kuyalalamikia.

Aliketi ukingoni na shuka lake, miguu ndani ya maji, akinitazama nikienda na kurudi. Sijui nilivuka mara ngapi. Niliporudi karibu naye alikuwa anavua shanga za shingoni, mkufu mmoja baada ya mwingine, na kuzipanga juu ya viatu vyake.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Hapa ni fupi?"

"Hapa yanafika kiunoni."

Akakunja shuka, akabaki na gauni lake, akateremka ngazi ya chuma akiwa ameishika kwa mikono miwili. Maji yalipomfika tumboni alivuta pumzi, akasema neno la Kimaa ambalo sikulielewa, kisha akaninyooshea mkono.

"Shika mimi vizuri," alisema. "Na usicheke."

Nikamshika.