Menari Si Kurusha Mabega

Jamani, hii aibu nawaambia ninyi tu, maana mpaka leo nikikutana na mama wa Kiindonesia pale Wattaya, mtaa wetu huku ughaibuni, huwa najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mimi nafanya kazi saluni, na mwenzangu pale ni Wati, mtu wa Java, mpole kama maji ya mtungi. Jumanne moja akaja kazini macho mekundu: mwenzao mmoja ameteguka mguu, na kikundi chao cha ngoma za kwao, baada ya mazoezi ya miezi mitatu, kinacheza Ijumaa mbele ya wageni. Akaniuliza, "Dada Rose, kamu bisa menari?" Yaani, unajua kucheza ngoma? Mimi, Mluhya niliyelelewa na ngoma ya isukuti, niulizwe hivyo? Nikajipiga kifua: "Bisa! Bisa sana!" (Mazoezi ya Alhamisi nilikosa, maharusi walijaa saluni, nikamwambia asijali, nitafuata tu.)

Ijumaa wakanifunga kitambaa kikanibana miguu kama mkia wa samaki, wakanichomeka ua kichwani, nikapanda jukwaani nikitabasamu. Muziki ukaanza: ting... kimya... ting. Wenzangu wanageuza vidole taratibu, shingo kidogo, macho kidogo. Nikangoja ngoma ichanganye, wapi! Nikasema hawa wamelala, acha niwaamshe, nikarusha mabega vile tunavyorusha kwetu, ua likaruka likatua kwenye sahani ya mgeni wa heshima, nikataka kulifuata, kitambaa kikakataa, nikamkumba Wati tukaenda chini wote wawili.

Wati akafunika uso, mabega yanamtetemeka, nikajua nimemliza mbele ya watu wake. Kumbe anacheka!

"Dada," akaninong'oneza pale pale chini, "menari ni ya kujifunza, kila kidole kina kazi yake. Hiyo yako ni joget, ya kujifurahisha tu!"

Nikateremka kichwa chini, wakaanza upya bila mimi, na wallahi vile vidole vilikuwa vizuri mpaka nikasahau kuona haya. Baada ya chakula, mgeni wa heshima, bibi wa miaka sabini hivi, akanishika mkono, Wati akanitafsiria: "Anasema sasa ni zamu ya joget, umfundishe yale mabega." Tukayarusha ukumbi mzima.

Siku hizi Ijumaa naenda kujifunza, bado niko kwenye vidole vya mkono wa kulia. Na nimeapa: mtu akiniuliza kama najua kitu, hata kama ni kupika chapati, namwambia, kwanza nionyeshe mnavyofanya ninyi.