Mahindi ya juu ya moshi

Jamani, leo nimesema uongo mkutanoni hapa Kihesa, na anayeujua ukweli alikaa pembeni yangu!

Bwana shamba anatafuta mbegu za zamani. Akaniuliza, "Bibi, za kwenu zilipoteaje?"

"Ukame, mwanangu."

Ukame gani!

Miaka ya sabini, kwenye kijiji cha ujamaa, nikiwa mjumbe, mimi ndiye niliyepita majikoni nikiangua mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya moshi. Nilisema ni uchafu, yakae kwenye ghala la kijiji.

Ghalani hakuna moshi wa kufukuza wadudu. Fukusi wakayamaliza yote. Msimu ule tulikosa cha kupanda.

Nilianzia jikoni kwa wifi yangu.

Leo ndiye aliyeitikia, "Ndiyo, ukame."

Kisha akavuta khanga yake isiniguse.

Nyie mngeanzaje kumwomba radhi?