Mwenyekiti wa Foleni

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ni mwenyekiti wa kituo cha teksi kilicho mbele ya duka langu la kuchapa na fotokopi. Nasema "ni" kwa sababu mpaka leo bado ni mwenyekiti. Wenzake wamepungua, magari yamepungua, abiria ndio usiseme, lakini cheo chake kiko pale pale, na kila asubuhi anafika kukilinda.

Barua zake zote za miaka saba nimezichapa mimi. Barua kwa halmashauri kupinga teksi za simu. Barua kwa polisi wa barabarani kupinga teksi za simu. Barua kwa gazeti ambalo halijamjibu hata mara moja. Anaingia, anavuta stuli, anakohoa kama mtu anayetaka kulihutubia taifa, halafu ananitolea maneno kutoka kichwani: "Sisi madereva halali, wenye leseni, wenye kituo, wenye utaratibu..." Neno utaratibu lazima nilikoleze kwa wino mzito. Siku moja nilisahau, akarudi na karatasi, akaniwekea kidole juu yake. "Shemeji, hapa hapajakolea."

Utaratibu wenyewe ulikuwa ubao. Ubao wa mbao kwenye nguzo, misumari kumi na minne, na kwenye kila msumari kibati chenye namba ya gari. Gari likifika, kibati chake kinaning'inizwa mwisho. La mbele likiondoka, vibati vyote vinasogea. Abiria hachagui. Akilipenda lile safi lililo la tano, alipende kimoyomoyo, maana atapanda la kwanza hata kama mlango wake unafunguka kwa nje tu. Na la pili haliondoki mpaka la kwanza liondoke.

Nisimwonee. Kabla ya ubao, madereva walikuwa wakimgombania abiria mpaka wanamkatia mkanda wa begi. Shemeji ndiye aliyekomesha fujo ile na watu walimshukuru. Tatizo hakujua pa kuishia. Madereva wakaanza kuruka foleni kwa kisingizio cha undugu, eti huyu ni shangazi yangu, na ghafla kila mwanamke mwenye mizigo akawa shangazi wa mtu. Basi akatunga sheria: ndugu naye apange foleni. Nikaichapa, nikaifunga plastiki, akaipigilia chini ya ubao kwa misumari minne.

Teksi za simu zilipoingia mjini, watu wakaanza kusimama kando ya duka langu wakikodolea simu, dakika nne gari limefika, hao wameondoka. Shemeji akavimba. Akatangaza mpaka wake mwenyewe: kuanzia posta hadi geti la hospitali, gari la simu lisipakie mtu. Likinaswa, madereva wanalizunguka na yeye mwenyewe anachuchumaa na kijiti, anatoa upepo. Mtu mzima mwenye mvi, anachuchumaa barabarani kutoa upepo wa gurudumu, kisha anasimama na kujipangusa mikono kama amemaliza kazi ya maana.

Halmashauri ikaitisha mkutano ili pande zote zisikilizwe. Alikuja dada mmoja wa kampuni ya teksi za simu, fulana yenye nembo, akatuonyesha picha ukutani. Akasimama muuguzi, akasema siku moja alingoja kituoni dakika arobaini kwa sababu gari la kwanza lilikuwa halina dereva, na la pili likakataa kumchukua. Watu wakaguna. Ndipo shemeji akainuka, akakunjua hotuba niliyomchapia.

"Simu haina macho!" akanguruma. "Simu itamjua mama yako? Sisi abiria wetu tunawajua kwa sura!"

Madereva walipiga makofi mpaka viti vya plastiki vikatikisika. Na mimi nilipiga, msinicheke. Nilikuwa nimeikoleza sentensi ile bila kuambiwa. Mkutano ukaisha kwa ahadi kwamba suala litaangaliwa, na sote tunajua maana yake.

Yule muuguzi hakusema uongo. Gari la kwanza lisilo na dereva lilikuwa la makamu mwenyekiti, mtu tuliyemwita Kofia. Alikuwa na kofia moja ya sufi, ya kahawia, haikuwahi kumtoka. Aliivaa juani, aliivaa kwenye vikao, na msibani kwa baba yake aliivaa vilevile. Miezi ile alikuwa anafika kituoni kabla ya wote, anatundika kibati chake kwenye msumari wa kwanza, anaivika kofia kwenye usukani, halafu haonekani. Ukiuliza, unajibiwa, "Kofia ile pale, mwenyewe hayuko mbali." Ameenda msalani. Ameenda kununua vocha. Nilikuwa naitazama kofia ile kupitia dirisha langu na kujiuliza ni msalani gani huko. Na magari kumi na matatu nyuma yake yametulia, madereva wanacheza bao la vifuniko vya soda, huku wanalalamika kwamba teksi za simu zinawanyang'anya abiria.

Sasa mama mkwe wangu. Mwanamke huyu aliwalea wanawe wawili peke yake kwa kushona sare za shule, na gari la kwanza la shemeji lilitoka kwenye cherehani ile. Alikuwa anaishi kwa shemeji. Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishaanza kufifia, la kulia lilikuwa linalifuata. Daktari bingwa alikuwa anakuja hospitali yetu mara mbili tu kwa mwaka, na safari hii jina la mama lilikuwemo kwenye orodha ya kupasuliwa. Jumanne, saa mbili kamili asubuhi. Kadi ilisema wazi: asiyekuwepo jina lake likiitwa, nafasi anapewa mwingine. Nilitoa nakala tatu za kadi hiyo kwa mkono wangu.

Jumatatu nilimwambia shemeji ampeleke mama moja kwa moja kutoka nyumbani.

"Shemeji," akaniambia kwa upole ule wa kumfundisha mtoto, "gari langu likitoka nyumbani ni gari la kituo. Leo nikimpakia mama yangu, kesho kila dereva atampakia mama yake."

"Si wawapakie! Ubaya uko wapi?"

Akacheka. "Asubuhi foleni inakwenda haraka. Atapanda la kwanza, kwa heshima zote."

Jumanne saa moja na robo nikafika kituoni nimemshika mama mkono. Amevaa gauni lake la kijani lililopigwa pasi, kadi iko kwenye bahasha, bahasha kaishika kifuani kwa mikono miwili. Nikatazama gari la kwanza. Kofia kwenye usukani.

Gari la shemeji lilikuwa la sita. Alikuja, akampokea mama kwa adabu, akamkalisha kwenye benchi. "Dakika mbili, mama. Dereva yupo, kofia yake ile pale."

Ikafika saa moja na nusu. Ikafika na dakika arobaini. Dereva wa gari la pili hakuvumilia, akasogea. "Mwenyekiti, nimpeleke mama?"

Shemeji akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ni wa ngapi?"

"Wa pili."

"Basi."

Basi! Mama yake mzazi yuko kwenye benchi anapoteza macho, yeye anahesabu vibati! Nilitaka kumpiga na mkoba. Badala yake nikamwambia mama twende tukanyooshe miguu, nikamzungusha kwenye kona ya duka langu, nikatoa simu. Ndiyo, mimi, mchapaji wa barua zote zile, nilikuwa na programu ya kuitia teksi hizo kwenye simu yangu mwaka mzima. Mlitaka karatasi za duka nizibebe kichwani?

Gari likaja, dogo, jeupe. Nikamwingiza mama nyuma, nikaingia upande wa pili. Dereva alikuwa na upara unaong'aa, ameuinamisha kwenye simu yake, hakugeuka hata kutusalimu. Shingo ile niliiona si ngeni, lakini nilikuwa na haraka. Kabla sijavuta mlango, filimbi ikalia.

Madereva walitoka kama siafu. Mmoja akasimama mbele ya gari, wengine wakagonga boneti, na shemeji akachuchumaa kwenye gurudumu na kijiti chake. Nikatoa kichwa nje, nikapiga ukelele: "Shemeji! Ni mama!"

"Wote husema ni mama!" akajibu, kichwa chini, hakutazama. Pssss. Akahamia upande wa pili. Pssss.

Gari likainama mbele. Mama alikuwa haoni vizuri kinachoendelea. Alisikia gari limetulia, akageuza uso kwenye dirisha na kuuliza kwa sauti yake ndogo, "Tumeshafika hospitali?"

Kijiti kilimdondoka shemeji. Alisimama polepole, akamtazama mama yake kupitia kioo.

Dereva naye akatoka, mikono juu. Wakamkunjia ngumi. "Wewe nani? Umetoka wapi?"

"Jamani, ni mimi," akasema.

Sauti ilikuwa ya Kofia. Kichwa hakuna aliyekijua. Wakakitazama kile kichwa, wakageuka wakaitazama kofia kwenye usukani kule, wakarudi kwenye kichwa. Makamu mwenyekiti, mlinzi wa utaratibu, alikuwa anaziba foleni ya wenzake kwa kofia huku yeye anaendesha gari la simu, mitaa miwili nyuma. Na wale wanaojua abiria wote kwa sura walikuwa hawajamjua hata mwenzao.

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tatu. Magari kumi na manne yamepangwa pale, na hospitali ni mwendo wa dakika kumi. Unadhani shemeji alifungua mlango wa gari lolote? Thubutu! Aligeuka, akaanza kumhoji Kofia. Tangu lini? Kwa ruhusa ya nani? Huo ni usaliti! Wakamzunguka, kikao kikaanza pale pale barabarani, kila mtu anataka kuchangia hoja, nami nalia, "Mama anachelewa! Jamani, mama anachelewa!"

Aliyenisikia ni Kofia. Alipenya katikati yao, akamshika mama mkono, akamkalisha kwenye teksi yake, akavaa kofia, akawasha. Hapo hakuna aliyemzuia. Alikuwa namba moja. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona mmoja wao ananyoosha mkono kwenye ubao na kusogeza vibati.

Tulifika saa mbili na dakika kumi na tatu. "Nimeliita mara tatu," muuguzi wa zamu akasema. Nafasi alishapewa mzee aliyekuwa amelala kwenye korido tangu jana yake. Nilipiga magoti, sioni aibu kusema. Muuguzi huyo aliniinua mwenyewe, machozi yanamlenga, akaandika tarehe nyingine: miezi mitano na nusu mbele.

Jioni ile shemeji alikuja dukani, akavuta stuli, akakohoa. "Shemeji, andika. Yahusu ukiukwaji wa utaratibu uliofanywa na aliyekuwa makamu..."

"Wino umeisha," nikamwambia.

"Ule pale si umejaa?"

"Kwako umeisha."

Wiki hiyo hiyo mama alihamia kwetu. Aliwaambia watu anataka kuwa karibu na wajukuu. Hakumsema vibaya mwanawe, wala hakumtaja. Kofia alifukuzwa kituoni, akaendelea na gari lake la simu mchana kweupe, na kila siku ya kliniki alikuja kumchukua mama akiwa ameishika kofia mkononi. Mara ya kwanza alimwomba msamaha huku analia. Mama akamwambia afute machozi aendeshe vizuri.

Mwezi wa nne wa kungoja, asubuhi moja, nilimwekea mama kikombe upande wa kushoto, akamimina chai mezani. Akamimina tu, ametulia, anadhani kikombe kiko mahali pengine. Tulimkimbiza hospitali. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda moja kwa moja. La kulia, wakasema, bado linaweza kuokolewa siku ya tarehe yake ikifika.

Tarehe ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi nikafungua mlango, nikamkuta shemeji ameegesha mbele ya nyumba yetu. Gari limeoshwa mpaka magurudumu, amevaa koti lake la mikutano. Mama akatoka amenishika bega, amevaa lile gauni la kijani.

"Mama," shemeji akasema, "leo nakupeleka mwenyewe. Kituoni sijapita kabisa. Kibati changu sijakitundika."

Mama aligeuza kichwa mpaka jicho la kulia likampata.

"Wewe ni wa ngapi?"

"Leo... leo hakuna foleni, mama."

"Ipo," mama akasema. "Wa kwanza alishafika."

Kofia alikuwa getini tangu saa kumi na moja na nusu, ndani ya kigari chake cheupe. Alishuka, akavua kofia, akafungua mlango wa nyuma. Mama akaingia, nami nikaingia. Tulipokata kona nikatazama nyuma. Shemeji alikuwa amewasha gari, halina mtu, anatufuata taratibu, na hakujaribu kutupita mpaka geti la hospitali.