Mwanaidi na Shamba Lisilonyamaza

Enzi zetu kule Kerenge, likizo haikuwa ya kupumzika. Mpunga ukianza kukomaa, tulitoka nyumbani umande ungali kwenye majani, kiporo cha ugali mkononi, kwenda kuamia ndege. Kila mtoto alikuwa na dungu lake, jukwaa la miti lililoyumba hata ukipiga chafya, na kazi yake ilikuwa kupiga kelele ndege wasitue. Wanangu nikiwasimulia huniuliza hilo lilikuwa gemu la aina gani.

Aliyetuongoza ni Mwanaidi, binti wa jirani. Aligundua kwamba tukipiga kelele pamoja tunachoka pamoja, na ndege wanakula pamoja. Basi akatupanga. Alisimama katikati ya shamba, akamnyooshea mkono mwenzetu Sefu, Sefu akaanza: “Haaayeee!” Kabla hajamaliza, mkono umeshakwenda kwa wengine. Sauti nyembamba upande wa mto, nene upande wa barabara. Mimi alinisikiliza asubuhi moja tu, akanipa debe.

“Wewe gonga hili. Ukiimba, ndege wanakuonea huruma, wanasogea.”

Tukizubaa, mama yake alituamsha kutoka kwenye tuta alikokuwa akipalilia: “Shamba likinyamaza, ndege wamekaribishwa!” Kisha anapiga ukelele mwenyewe, na sisi tunadakia.

Mwanaidi akasoma, akapata ufadhili wa kwenda Ulaya, akawa mtunzi na kiongozi wa okestra: ule muziki wa fidla nyingi na watu waliovaa nyeusi kama wamefiwa. Mama yake hakuielewa kazi hiyo. Kila nikienda kumwamkia alinisaili, mimi msomi wa kijiji.

“Fidla hapigi, kuimba haimbi. Anapunga mikono tu. Hiyo ni kazi, baba, au anasimamisha basi?”

Mwaka jana Mwanaidi alikuja na wapigaji wake Korogwe mjini, akatualika Kerenge nzima ukumbini. Aliniambia, “Kaka, wengine wote wakisinzia, sawa. Ninachotaka ni mama atoke pale asiulize tena.” Nikapewa kazi ya kuketi karibu na mama na kumfafanulia.

Fidla zikalia. Mama alikaa wima, mkoba mapajani. Halafu Mwanaidi akainua mikono yote miwili na muziki ukakatika. Nikanong'ona kisomi, “Ukimya huu nao ni sehemu ya muziki.” Ukimya ukaendelea. Mama akaanza kuhangaika kitini, macho juu, kama anayeliona kundi la ndege linakuja. Ghafla akasimama.

“Haaayeee!”

Ukumbi mzima ukageuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanaidi hakugeuka. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha mkono wake wa kushoto ukanyooka nyuma, kuelekea mlangoni alikoketi Sefu, sasa mtu mzima mwenye kitambi. Sefu aliitikia kabla hajafikiri. Mkono ukahama, akina mama wa Kerenge wakapokea, na fidla zikaingia juu ya sauti zetu taratibu, kama jua juu ya mpunga. Mimi niligonga mgongo wa kiti cha mbele. Mwenye kiti alinitazama, nikaendelea.

Nje, Mwanaidi alipiga goti. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Sasa nimeelewa. Ila pale katikati, mwanangu, uliacha shamba wazi.”

“Nilikuachia wewe, mama.”

Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kesho yake aliwatangazia majirani: “Mwanangu anaamia ndege Ulaya. Na koti wamempa!”

Siku hizi nikipita Kerenge, madungu hayapo. Watu wametandaza utepe wa kaseti kuukuu juu ya mpunga, unametameta kwa upepo, ndege wanaogopa. Nyimbo zote za ujana wetu zimo mle, zinalinda shamba bila kutoa sauti. Watoto wako kivulini, kila mmoja na simu yake na wimbo wake masikioni. Mpunga uko salama, sikatai. Lakini kimya kile kikinizidi, nasimama barabarani, mtu mzima na mvi zangu, natafuta debe.